Goti jipya: timu ya wageni au daktari wa hapa?

Operation Walk, iliyoanzishwa na Dkt. Lawrence Dorr huko Los Angeles miaka ya 1990, hupeleka madaktari wa kujitolea nchi za nje kubadilisha nyonga na magoti bure. Wanabeba karibu kila kitu: viungo bandia, vifaa, wauguzi, wataalamu wa usingizi na wa mazoezi tiba. Mgonjwa aliyetambaa kwa miaka huinuliwa kitandani na kusimama ndani ya siku moja au mbili baada ya upasuaji. Kwa asiye na fedha wala bima, hakuna njia ya haraka zaidi.

Lakini timu hukaa siku chache tu, kisha hao, wamepanda ndege. Maambukizi kwenye kiungo bandia yanaweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, na hapo mgonjwa anamrudia daktari wa wilaya ambaye pengine hata aina ya kile kiungo haijui. (Kadi yenye jina na namba ya kiungo impasayo kila mgonjwa ni kitu kidogo, ila huokoa mengi.)

Njia ya pili ni kusomesha wenyeji. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao Arusha, huwafunza hospitalini humo humo wanamofanya kazi. Ni polepole, miaka si wiki, na gharama ya kiungo bado humwangukia mgonjwa.

Mimi ningechagua timu inayorudi hospitali ileile kila mwaka na kumwachia daktari mwenyeji kisu.