Kabari za plastiki za kuangushia miti: uzoefu wangu

Seti niliyonunua ina kabari fupi na ndefu, za plastiki ngumu yenye rangi ya chungwa. Rangi hiyo si urembo, maana kitu kikianguka kwenye unga wa mbao na majani hupotea mara moja. Msimamo wangu ni huu: mwenye msumeno wa mnyororo asiye na kabari asiguse mti wowote mnene.

Unapokata mkato wa nyuma, yaani ule wa upande wa pili wa unakotaka mti uangukie, mti unaweza kurudi ukaukalia msumeno, na ukishabanwa hapo huwezi kuuchomoa. Kwa hiyo mara mkato unapoingia vya kutosha naweka kabari nyuma ya msumeno, naigonga kwa mgongo wa shoka mpaka ishike, ndipo naendelea. Huwa naikodolea macho. Ikianza kulegea yenyewe, mkato unafunguka na mti umeshaanza kwenda mbele. Muda wa kuondoka ndio huo, kwa njia niliyoisafisha mapema kuelekea nyuma kwa mshazari. Watu wengine wote wanakuwa mbali, angalau urefu wa miti miwili.

Kisogo cha kabari ndefu kina unene wa sentimita 2.5. Unaweza kuidharau, lakini piga hesabu. Chukua mti wa mita 20, na kutoka kwenye bawaba hadi ilipo kabari pawe sentimita 40. Ukiinua nyuma sentimita 2.5, kilele kinasogea mbele takriban mita 1.25. Bawaba ni ule ukanda usiokatwa kati ya mdomo wa mbele, yaani pengo linalokatwa upande wa kuangukia, na mkato wa nyuma, unene wake kama sehemu ya kumi ya kipenyo cha shina. Huo ndio usukani wa mti. Ukiukata wote, kabari haina tena cha kuelekeza.

Kwa nini plastiki? Mnyororo ukigusa chuma, meno yanaharibika na vipande vinaweza kuruka. Kabari yangu moja ina kovu refu la mnyororo, na mnyororo wenyewe uliendelea kukata vizuri tu.

Sasa lawama. Visogo vinachanua kwa kugongwa, inabidi kuvichonga kabla kipande hakijamrukia mtu usoni. Zile laini zisizo na meno zinateleza: kwenye mti uliojaa maji, moja ilichomoka na kunirudia. Ndefu nayo haifai kwa shina jembamba, inafika kwenye bawaba kabla haijainua chochote. Karatasi ya maelekezo ina picha nzuri, lakini juu ya mti ulioinama haisemi neno.

Na hapo ndipo watu wanapoumia. Mti ulioinama sana kinyume na unakotaka uangukie si wa kabari peke yake; unahitaji winchi na mtu anayeijua kazi hiyo. Shina lililooza nalo linaimeza kabari bila kuinuka, na kila pigo la shoka linatikisa matawi makavu yaliyo juu ya kichwa chako. Mimi hugonga kidogo, nasimama, natazama juu, na kofia ngumu siivui.

Nitanunua tena, ila zenye meno tu.