Nivea Men kwenye joto la Dar: uzoefu wangu

Ukipanda mwendokasi Kimara saa moja asubuhi, safari nzima hadi Posta unasimama, mkono umeng'ang'ania bomba la juu na kwapa lako liko usawa wa pua ya mtu usiyemjua. Hicho ndicho kipimo changu cha manukato. Tangazo lina mchezaji gani, chupa inang'aa kiasi gani, hayo si shida yangu. Ninachotaka ni kufika ofisini nikiwa bado mtu wa kukaa naye meza moja, na kwa matumizi ya kila siku nimetulia kwa Nivea Men.

Kampuni inayoitengeneza ni Beiersdorf ya Hamburg, Ujerumani, walewale wa krimu ya kopo la bluu iliyoingia sokoni mwaka 1911 na ambayo wengi wetu tulipakwa usoni na mama kabla ya kwenda shule. Vitu vya wanaume vilikuja baadaye sana.

Ninayotumia zaidi ni spray ya Fresh Active. Ina harufu ya maji na sabuni, na kwa mbali kuna kitu kama ndimu. Haina ule utamu wa pipi uliojaa kwenye pafyumu nyingi za vijana siku hizi, na mimi utamu kwenye joto la Februari unanipa kichefuchefu. Naoga, najifuta vizuri, napuliza kwa mbali kidogo, nasubiri ikauke ndipo navaa shati. Ukivaa kabla haijakauka nusu inaishia kwenye kitambaa, halafu unalalamika kwamba dawa haifanyi kazi.

Hapa niseme jambo ambalo hata wauzaji wengi hawalielezi. Diodoranti na kizuia jasho si kitu kimoja. Jasho la kwapani likitoka halina harufu ya kusema. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaolila pale kwenye ngozi. Diodoranti inawabana hao bakteria na kuweka harufu yake juu, lakini jasho utatoka kama kawaida. Kizuia jasho kina chumvi za aluminiamu zinazoziba kwa muda vijitundu vya jasho. Kwa hiyo mtu mwenye shati lenye ramani kwapani akinunua diodoranti tupu, atanukia vizuri huku amelowa. Geuza chupa usome nyuma: ukikuta aluminiamu kwenye orodha, hicho ni kizuia jasho. Na hicho kinakaa vizuri zaidi ukikipaka usiku, kwapa likiwa kavu, kuliko ukikipaka asubuhi ukitoka bafuni unatiririka.

Siku za kikao navaa shati jeupe, na hapo nahamia Black & White, iliyoanza kuuzwa 2011. Hii ni kizuia jasho, na imetengenezwa kwa ajili ya madoa: weupe wa unga kwenye nguo nyeusi na umanjano kwenye nguo nyeupe. Natumia ile ya gololi ya mililita 50 kwa sababu inaingia mfukoni. Harufu yake ni ya chini, karibu haipo, na kwa shughuli yake naona ni sawa kabisa. Deep, ile ya kopo jeusi yenye harufu ya miti, nimeiachia jioni. Mchana wa Dar ni nzito mno kwangu, ingawa shemeji yangu yuko Arusha na huko kwenye baridi haachi kuisifia.

Wengi wanauliza kwa nini harufu za namna hii hazifiki jioni. Hazikuumbwa kufika. Ndimu, chungwa na bergamoti zina chembe nyepesi zinazopaa haraka, na joto linaziharakisha zaidi. Udi na sandali ni nzito, ndiyo maana kanzu ya Ijumaa bado inanukia Jumapili. Hata pafyumu za bei mbaya ziko hivyohivyo. Davidoff Cool Water, aliyoitunga Pierre Bourdon mwaka 1988 na ambayo wanaume wa mjini hapa wameijua miaka mingi, inaanza na mnanaa na lavenda kwa kishindo, baadaye inatulia karibu na ngozi. Mimi napenda hivyo. Kwenye basi lililojaa, manukato yanayotangulia mwenyewe ni ugomvi. Ukitaka ikae kidogo, paka mafuta yasiyo na harufu kwanza, kwa kuwa ngozi kavu haishiki kitu.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote katika familia hii wala si cha kunukia. Ni ile losheni ya baada ya kunyoa, Sensitive, isiyo na alkoholi. Mnajua vinyozi wetu: akimaliza mashine anachukua pamba, anailowesha spiriti na kukupiga nayo kidevuni mpaka machozi yanakutoka, kisha anakuuliza, "Bosi, imeuma?" Spiriti inaua vijidudu, sikatai, ila inakausha ngozi, na sisi wenye ndevu za kujikunja tayari tuna vita na vipele. Sasa namwambia fundi asafishe mashine yake vizuri kwa hiyo spiriti, kidevu aniachie. Nikifika nyumbani nanawa, napaka losheni kiasi cha punje ya maharage. Haichomi. Vipele havijaisha kabisa, kwa sababu chanzo chake ni unywele unaorudi ndani ya ngozi na hakuna losheni inayounyoosha, lakini ule wekundu na muwasho wa siku ya pili umepungua sana.

Kuhusu kununua: nendeni supamaketi au famasi inayoeleweka. Kopo lenye maandishi yaliyofifia na bei ya kutupwa, liache hapohapo barabarani. Na mkishanunua spray, msiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Ndani kuna gesi iliyoshindiliwa, na kopo lenyewe limeandikwa lisikae kwenye joto la kuzidi nyuzi 50.