Chanja ya kutambalishia mimea ukutani: mbao gani ununue Mombasa

Ukuta mtupu wa mabloko ya matumbawe hupendeza ukivikwa asumini au bogenvilia, na kinachotakiwa ni chanja: fito au mbao nyembamba zilizopishana miraba, zikafungwa ukutani. Kosa kubwa la wanunuzi ni kumaliza pesa kwenye mbao, kisha kununua misumari ya kawaida kwa chenji iliyobaki. Hapa pwani chumvi ya bahari hula chuma kabla mvua haijala mti. Tenga kwanza pesa za skrubu za stenlesi, halafu kinachobaki ndicho kikuamulie mbao. Nenda dukani na sumaku: skrubu ikivutwa kwa nguvu, iache. Kama nyumba inatazama bahari, omba daraja la 316; la 304 huanza kutoa madoa ya kahawia mapema.

Mbao za kwanza kwa ubora ni za mtiki, ambao wengine huuita msaji. Ulizia mabaki kwenye karakana za samani, vipande vya inchi moja kwa mbili. Tazama kichwa cha ubao. Kiini ni cha kahawia na ukikigusa kina unyevunyevu wa mafuta. Ukingoni kuna weupe. Weupe huo hauna kinga, na mchwa huanzia hapo hapo. Ubao ambao robo ya upana wake ni nyeupe, mrudishie mwenyewe. Mvule unaufuata mtiki kwa karibu, kwa sharti hilo hilo la kiini.

Nafasi ya pili tunazipa fito (nyembamba) na pau (nene zaidi) za mkandaa, aina mojawapo ya mikoko. Miti ya mikoko ndiyo iliyobeba dari za Mji wa Kale kwa vizazi, na ugumu wake unajulikana. Pau zisimame, fito zilale, na kila zinapokutana chonga ubapa kidogo ili zisiviringane. Lakini mikoko hukatwa kwa leseni ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Muombe muuzaji karatasi, na asiyekuwa nayo usinunue kwake hata akikushushia bei: mikoko ya hori za Tudor na Port Reitz ni mazalia ya samaki na kamba.

Mvinje ni wa tatu. Huota hata penye mwamba wa matumbawe, na ndio ulioshika mizizi kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda miti huko mwaka 1971. Mti wake ni mgumu, ila hupasuka ukipigwa skrubu ukiwa mbichi. Nunua uliotolewa maganda na kukaushwa kivulini miezi miwili au zaidi, na usiuguse udongo.

Saipras ya bara ni nyepesi, imenyooka, na fundi huimaliza haraka. Inafaa tu ikiwa dawa imesukumwa ndani kwa mashine. Kata ncha uone: rangi ya dawa ikiwa imeishia kwenye ngozi tu, hiyo imepakwa kwa brashi. Vipande vinavyobaki visiingie jikoni kamwe, kwani dawa nyingi za aina hiyo zina aseniki na moshi wake ni sumu.

Mianzi ni ya muda. Ukiona unga laini mweupe umelala chini yake, wadudu wameshaingia. Za mwisho kabisa ni paneli zilizotengenezwa tayari, vijibao vyembamba vilivyoshonwa kwa pini. Pini zikishika kutu, miraba inaachana yenyewe.

Mmea nao una neno lake. Mpasheni hushika kwa vikono vidogo, kwa hiyo unataka fito nyembamba. Asumini hujizongazonga, inahitaji nafasi nyuma. Bogenvilia haishiki chochote, huegemea tu. Utaifunga kwa kamba laini, na uzito wake ukiwa mkubwa ni mtiki au pau ndizo zitakazouhimili.

Kwa chanja ya futi 6 kwa 6 yenye miraba ya futi moja, nunua vipande 7 vya kusimama na 7 vya kulala, yaani futi 84, na vipande 3 vya inchi mbili kwa mbili vya kutangulia ukutani. Hivi vitatu visimamishwe wima ili maji yateremke. Unene wao ndio unaoacha pengo la sentimita 5 hivi la kupitisha hewa. Bila pengo hilo ukuta haukauki masika, na chanja huoza kwa nyuma, mahali usipopaona. Kila kimoja kipate skrubu 4, jumla 12, za milimita 6 kwa 120, na plagi za plastiki za milimita 10. Juu yake laza vipande 7 kwa skrubu 21 za milimita 65, kisha usimamishe 7 vya mwisho kwa skrubu 49 za milimita 45, moja kila mapishano. Toboa mti kwanza kila mahali. Ncha za chini ziwe sentimita 15 juu ya ardhi, na mche upandwe sentimita 30 kutoka ukutani.

Kutoboa ndiko kunakoharibu kazi. Drili ikiwekwa kwenye mdundo wa nyundo, jiwe la matumbawe hubomoka na tundu hufunguka kama faneli. Plagi ikizunguka humo haitashika tena. Zima mdundo, anza na keekee ya milimita 8, malizia na ya 10, upulize vumbi lote litoke. Plasta haihesabiwi: skrubu iingie jiweni sentimita 5. Tundu likiharibika, lijaze saruji, subiri siku kadhaa, kisha utoboe upya pembeni kidogo. Upepo wa kusi ukishaanza kuvuma, itikise chanja kwa mikono miwili. Panapocheza, ongeza skrubu hapo kabla mmea haujafunika.