Surveya aliyetukagulia nyumba ya kuelea, nampa nyota 4

Jamani naandika hii kwa yeyote anayetaka kuweka nyumba ya kuelea baharini, maana sisi kidogo tu hela ipotee. Kaka angu kajenga nyumba ya mbao vyumba viwili juu ya mapontuni ya chuma (matangi yaliyofungwa yanayoibeba ielee), urefu mita 14, tunataka kulaza wageni huku kwetu Unguja, wazo lilitoka kwa kile chumba cha hoteli ya Manta kule Pemba kinachoelea tangu 2013, kitanda kiko chini ya maji.

Wakala wa kwanza alisema tulipe tu, cheti cha bendera ya nje, yaani cha kuisajili kama chombo cha nchi nyingine, kitakuja kwa imeili, hakuna hata mtu wa kuja kuiona. Moyo wangu ukakataa. Kisiwa hiki kimezika watu wa meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011, leo nitundike ukutani cheti cha kitu ambacho hakijakaguliwa halafu nimlaze mtoto wa mtu humo? Hapana.

Ndo tukampata huyu mzee, surveya wa kujitegemea, yaani mkaguzi wa vyombo vya baharini. Swali lake la kwanza: "Mnataka iwe chombo au iwe nyumba?" Tukabaki kimya. Akatuhadithia ya Fane Lozman wa Florida, mji wa Riviera Beach uliikamata nyumba yake ya kuelea kwa sheria za meli, ikanadiwa, ikavunjwa, halafu 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema ile haikuwa chombo, haina usukani wala injini. Kashinda kesi na nyumba hana! Na wale wawili wa Phuket, Thailand, 2019 walioweka nyumba yao ya kuelea nje ya maili 12 za bahari ya nchi wakajiona wako huru, jeshi la maji la Thailand likaenda kuiondoa, maana kwa sheria ya bahari ya kimataifa hadi maili 200 nchi ya pwani ndo inatoa ruhusa ya vitu vya kusimamishwa baharini. Kwa hiyo akatuambia kabla ya kupaka hata jina, andikeni barua kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, muulize yenu inahesabiwa nini.

Ukaguzi wenyewe sasa. Alisubiri bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana), maji yakakupwa mapontuni yakakaa mchangani, akaingia chini na nyundo anagonga pande kwa pande anasikiliza, akagundua pontuni moja halina kuta za ndani, yaani likitoboka sehemu moja linajaa lote. Maji yalipojaa akatundika timazi (uzi wenye uzito chini) ndani ya ndoo ya mafuta ili isiyumbe ovyo, tukawa tunahamisha viroba vya mchanga kutoka ubavu huu kwenda ule na yeye anapima nyumba inalala kiasi gani. Mtungi wa gesi tuliouweka chini ya sinki akautoa saa ileile, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, kwa hiyo unakaa nje kwenye sanduku lenye tundu la kutolea gesi upande wa baharini.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya simu, hapokei, ripoti tuliingoja wiki tatu na kaka alikuwa na mafundi wamekaa bure wanalipwa. Bei laki nane pamoja na kurudi kukagua tena. Pontuni linachomelewa kuta sasa hivi, bamvua lijalo anarudi.