TAHADHARI: Filta za hewa za "Ulaya" za pikipiki zinazouzwa Ngamiani, Tanga, ni sponji la godoro

Tangu turudi ile safari ya pikipiki ya Maramba nimekaa kimya, na walioniuliza XR yangu, ile Honda ya porini, iko wapi nikawaambia iko kwa fundi inabadilishwa kebo ya klachi. Haikuwa klachi. Jana fundi kafungua hedi mbele yangu, nikatia kidole ndani ya silinda, na tangu saa ile sijala chakula kikashuka. Kuna bwana hapa mjini anauza filta za sponji za pikipiki za porini, XR, DT, KTM, anazo zote, pamoja na kichupa cha mafuta yake. Msimpe hata mia. Jina lake silitaji kwa sababu jambo nimeshalipeleka polisi na nimeambiwa nisilivuruge, ila nyinyi mliokuwapo siku ile ya Pongwe mnamjua vizuri sana. Yule wa kofia ya kiua, mwenye kibegi cha ngozi.

Sikiliza nilivyopigwa. Mimi nilikwenda kutafuta cheni. Nimesimamisha tu pikipiki, sijavua helmeti, yeye yuko barazani anakunywa kahawa, akasema, "Shekhe, hiyo ni ya kiki tupu, haina selfu, na filta yake imekwisha, naisikia inavyokohoa." Kaisikia! Kabla sijajibu keshachuchumaa ubavuni, kafungua kifuniko cha pembeni, katoa filta na fremu yake ya plastiki. Hakupapasa hata kidogo, mkono ulijua njia. Akaibana filta yangu kwa vidole viwili, ikamung'unyuka, vipande vikaanguka chini. Na hapo hakudanganya, filta ilikuwa imezeeka kweli. Sponji la namna ile likikaa miaka huoza lenyewe hata kama hulitumii.

Akaingia ndani, akatoka na filta mpya, ya kijani, tabaka mbili, la nje la matundu makubwa na la ndani laini. Akanieleza: la nje linakamata mchanga, la ndani linakamata vumbi lile jembamba kama unga, na kazi yote inafanywa na mafuta yenye kunata, kwa hiyo sponji kavu ni bure. Kila neno ni sahihi, nimeliuliza tena kwa watu wanaojua. Akamimina mafuta, akafinya, hakukamua kwa kusokota ("ukisokota unapasua gundi," akaniambia), akafinya mpaka rangi ikaenea sawasawa. Kisha akatandaza karatasi nyeupe kwenye kibao, akaweka filta juu, akachota vumbi la barabarani kwa kiganja akalinyunyiza. Akapuliza kwa juu kwa nguvu zake zote. Akainua filta. Karatasi nyeupe pee! Vijana wawili wa bodaboda waliosimama pale wakapiga makofi. Nikajiambia, leo nimepata.

Nikasema nipe hiyo hiyo. Akacheka. "Hii ni ya maonyesho, shekhe wangu, imeshakula vumbi. Wewe nakupa ya kwenye pakiti." Akaingia ndani, na safari hii alikawia. Akarudi na pakiti iliyofungwa kwa moto, ina jina la kampuni kubwa ya Ulaya na picha ya pikipiki inaruka tuta. Nikashika kutaka kufungua, akanizuia mkono. "Usifungue hapa, barabara hii ina vumbi, utaichafua kabla haijafanya kazi. Kaifungulie nyumbani penye usafi." Sasa niambieni, hilo nalo lina kosa gani? Filta kweli hufungwa mahali safi! Akachukua shilingi 85,000, filta mbili na kichupa. Namba ya kulipia ilikuja na jina la mwanamke, akasema ni ya dada yake, yake imejaa. Risiti akasema mashine imezima.

Najua mtakavyosema. Lakini mtu anayekutajia kitabu cha Honda kinasema oili ya gia ya 80-90 ikikosekana mafuta maalumu, mtu anayekwambia usioshe sponji kwa petroli kwa sababu inakula gundi ya maungio, huyo utamshuku kwa lipi? Na ilipoadhiniwa alasiri alifunga kibanda, tukaenda msikitini pamoja, akatawadha bomba la jirani, tukasimama safu moja. Na yule fundi wetu wa Makorora alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba bidhaa za bwana yule ni safi, kawafungia wateja. Jana ndiyo nikasikia kwamba kwa kila kichwa anachopeleka hupata chake.

Ya Maramba mnayajua. Tulipotoka lami pale Mabokweni pikipiki ilikuwa inakwenda kama kawaida, na kwenye vumbi jekundu mlikuwa mnanipita mmoja mmoja huku mnanitania. Vilima vya mwisho haikuwa na nguvu kabisa. Nikalaumu kabureta. Mkasema petroli ya chupa. Kumbe muda wote injini ilikuwa inavuta udongo mzima mzima, na mimi nafuata nyuma yenu ndani ya wingu. Kurudi, moshi wa bluu, na oili imeshuka chini ya alama ya kijiti.

Nyumbani nikafungua. Filta ilikuwa imepasuka kwenye ungio, gundi imekuwa uji. Tabaka moja tu! Lile la pili lilikuwa rangi iliyopuliziwa upande wa ndani. Nikaitia kwenye mafuta ya taa, rangi yote ikatoka, mkono wangu ukawa wa kijani, na kilichobaki ni sponji jeupe la godoro. Lile lina vijiwambo vidogo ndani ya matundu yake, basi hewa haipiti vizuri, na ikivutwa kwa nguvu inatafuta pa kupenya: kwenye ungio, kwenye ukingo. Na kile kichupa! Oili chafu ya injini iliyochujwa ikazimuliwa kwa petroli. Petroli ilipokauka, oili ikateremka yote chini ya filta, juu pakawa pakavu. Mafuta ya kweli kile kiyeyushi kikishakauka ndiyo yananata zaidi, hayatiririki. Nikatia kidole kwenye shingo ya mpira inayokwenda kabureta, upande ule ambao haupaswi kuona vumbi maisha yake yote, kikatoka na tope jekundu.

Vumbi letu lina mchanga wa kwatzi, mgumu kuliko chuma cha silinda. Likichanganyika na oili linakuwa dawa ya kusagia. Fundi (huyu wa sasa, wa Duga, si yule) kanionyesha mikwaruzo ya kusimama ukutani, ile mistari ya msalaba inayoshika oili imefutika kabisa. Ringi zimelegea. Bloku ichongwe, pistoni ya saizi ya juu itafutwe, na Tanga haipo. Hesabu yake siiandiki hapa, mke wangu anasoma.

Mtu kama huyu si wa kupigiwa kelele tu. Huyu ni wa kufungiwa kibanda, kibandikwe pakiti zake mlangoni, na yeye akalishwe kwenye gereji ya wazi akae anaosha ringi za watu mpaka alipe. Mnachekea? Kuna madaktari wa vijijini na mabwana shamba wanapanda pikipiki hizi kwenda kwa watu, injini ikifa porini nani anaitwa tapeli? Tume ya Ushindani inashughulika na bidhaa bandia, nimeanza kuandika, na yeyote aliyenunua aandike. Alivyotutazama kama washamba! Kwani sisi tumekuja Tanga waja leo waondoka leo? Yeye ndiye wa kuondoka.

Haya, mnaoniuliza mtaijuaje. Fungueni pakiti dukani, akikataa ondokeni. Ukilipandisha kwenye mwanga sponji la kweli unaona matundu yamefanana, mwanga unapita sawasawa. Sugua pembe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, rangi isitoke. Ukingo ukae kwenye fremu bila kulazimishwa; huyu alikuwa anasema saizi moja inaingia XR na DT, uongo mtupu. Ungio livute. Kuosha ni mafuta ya taa kwanza, halafu maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kivulini, ndiyo upake, na ukingoni weka grisi. Mwenye filta ya karatasi mambo haya hayamhusu, ile haioshwi wala haipakwi mafuta, unabadilisha. Baada ya kila safari ya vumbi, kidole kwenye shingo. Mengine nitakumbuka baadaye, kichwa kinaniuma.

Mnaokwenda Amani wiki ijayo na mlinunua kwake, toeni usiku huu. Pakiti msitupe, hata iliyochanika, wala kichupa; nileteeni nyumbani tuvipeleke kwa pamoja, kila moja na ujumbe wa malipo wenye jina lile la "dada". Na wewe fundi wa Makorora, najua unasoma. Hela ya kufunga nilikulipa mkononi, na mkononi utairudisha.