Bomba la kufukia ukutani bafuni: lipi la kununua na lipi la kuacha dukani

Bomba likipita nje ya ukuta, tone la kwanza unaliona siku hiyohiyo. Likiwa nyuma ya vigae, dalili ya kwanza ni rangi ya chumba cha pili kuvimba na kumenyuka, na kulifikia lazima uvunje. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kitu kimoja: viungo vyake vimeungwaje? Bomba zima ni nadra kutoboka lenyewe ukutani. Kinachovuja ni kiungo, na mpangilio huu umefuata hilo.

1. PPR ya PN20

PPR ni bomba la plastiki linaloungwa kwa joto, na PN20 ni daraja lake la kuhimili shinikizo. Kwa nyumba nyingi hili ndilo la kununua. Kiungo chake hakitegemei gundi, mpira wala uzi wa kukazia: bomba na elbo (kiungo cha kona) huyeyushwa kwa joto la nyuzi 260 vikashikana kuwa kitu kimoja. Vifaa vyake vinapatikana Kariakoo na vinapatikana pia kwenye maduka ya wilayani, na fundi mwenye mashine ya kuchomea hapatikani kwa shida.

Soma maandishi ya ubavuni. Bomba la mm 20 la PN20 huandikwa 20x3.4, yaani unene wa ukuta wake ni mm 3.4. La PN10 huandikwa 20x1.9, na hilo ni la maji baridi tu. Kwa nje yanalingana kabisa, ndiyo maana wengi hurudi nyumbani na PN10 wakidhani wamepata bei nzuri. Mstari mwekundu au wa buluu usikuridhishe; namba ndiyo ushahidi. Tundu la PN20 ya mm 20 ni kama mm 13 tu, hivyo njia kuu inayoingia bafuni iwe ya mm 25, na mm 20 ibaki kwenye matawi.

Elbo zenye uzi, zile zinazopokea koki na miksa, ndizo zinazostahili pesa yako zaidi. Nenda dukani na kisumaku kidogo. Uzi wa brasi hauvutwi na sumaku. Ukivutwa, ndani ni chuma kilichopakwa rangi, na kitaota kutu mahali usipoweza kukifikia. Elbo nyepesi kupita kiasi pia iache: kipande chake cha chuma huzunguka ndani ya plastiki fundi anapokaza koki, na hapo hakuna dawa ila kukata.

Bafu moja lenye miksa ya shawa, sinki, choo, shatafu na hita huhitaji elbo 9 za uzi: mbili za miksa, moja ya shawa ya juu, mbili za sinki, moja ya choo, moja ya shatafu na mbili za hita. Ongeza vipande 6 vya mita 4 vya mm 20, elbo za kawaida kama 20, tii (viungo vya njia tatu) 7, vali 2 za kufungia, na plagi 9 za uzi kwa ajili ya jaribio. Nunua bomba na viungo vya kampuni moja, maana soketi za kampuni tofauti hupishana kidogo na kiungo hushika upande mmoja.

Wakati wa kuchoma, simama umwangalie fundi. Bomba la mm 20 hukaa kwenye mashine sekunde 5, la mm 25 sekunde 7. Huingizwa moja kwa moja bila kuzungushwa, kina cha mm 14 kwa mm 20, alama ikiwa imewekwa kwa penseli. Akisukuma zaidi, plastiki iliyoyeyuka huziba tundu, na shawa itatoa maji kama uzi hata kama tenki limejaa. Akizungusha, anafungua njia ya kuvuja. Akichoma bomba lenye maji ndani, mvuke hupooza kiungo kabla hakijashika.

2. Bomba la tabaka lenye alumini katikati (PEX-AL-PEX)

Kwa viungo peke yake, hili lingekuwa la kwanza. Huja kwa roli, hujikunja, na linaweza kutoka kwenye mgawanyo mkuu mpaka kwenye koki bila kiungo hata kimoja ukutani. Limeshuka nafasi moja kwa sababu ya vifaa na mafundi wake, ambao ni wachache nje ya miji mikubwa. Ukilichagua, kiungo cha kubanwa kwa mashine kinaweza kufukiwa. Kile cha nati na mpira, kinachokazwa kwa spana, kibaki nje au ndani ya kisanduku chenye mfuniko.

3. CPVC

Hii ni aina ya PVC inayohimili maji ya moto, na huungwa kwa gundi yake maalumu. Tatizo ni haraka: gundi isipoachwa ikauke, au ikitumiwa ile ya PVC ya kawaida, kiungo huachia maji ya moto yakianza kupita.

4. GI ya kuunga kwa uzi

GI ni bomba la chuma lililopakwa zinki. Ni imara kwa nje, lakini kila kiungo ni uzi uliokatwa na kuachwa bila zinki. Kwenye visima vya pwani vyenye maji ya chumvi, kutu huanzia hapohapo. Litumie nje, juani, ambako PPR huharibika. Ukutani liache.

La kutonunua kabisa kwa maji ya moto ni PVC ya kawaida. Hulainika.

Ukuta wenyewe

Mfereji wa kusimama usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi 6 (mm 150), hiyo ni mm 50 kwa wima na mm 25 tu kwa mlalo. Kwa hiyo pitisha njia za kulala chini ya sakafu au juu ya dari, kisha shusha wima. Kata kingo kwa grinda kwanza, ndipo utoe katikati kwa tindo. Nyundo peke yake hupasua tofali.

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia: uso wa elbo ya uzi lazima ulingane na uso wa kigae, si wa tofali. Lipu mm 15, gundi mm 5 na kigae mm 8 ni mm 28. Elbo ikizama, uzi wa koki haufiki. Ikitokeza, kifuniko hakikai. Elbo mbili za miksa ziwe mm 150 katikati hadi katikati, moto kushoto, zikipimwa kwa pima maji.

Bomba la moto livikwe sponji. Mita 3 za PPR zikipanda joto kutoka nyuzi 25 hadi 65 hutaka kurefuka mm 18. Hata kama leo unatumia shawa ya umeme inayopasha yenyewe, weka njia ya moto na uifunge kwa plagi, maana ukuta uko wazi sasa.

Jaribu kabla ya lipu

Usikubali jaribio la "tumefungulia maji ya tenki". Maji yaliyo mita 10 juu hutoa shinikizo la baa 1 tu, na tenki lako huenda liko mita 6. Kodi pampu ya mkono, jaza, toa hewa, pandisha hadi baa 10. PPR hutanuka, hivyo sindano ya kipimo cha pampu itashuka kidogo mwanzoni. Pandisha tena, kisha acha kwa muda wa saa mbili. Ikishuka tena, pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo mpaka upate kilicholowa. Ikitulia, piga picha kila ukuta huku futi imenyooshwa pembeni ya bomba, ndipo umwite fundi wa lipu.