Gari na guide wa Dodoma–Kondoa–Tengeru, nawapa nyota nne

Jamani mkipata wageni wenye asili ya Poland wachukueni hawa jamaa wa gari za kukodi hapa Dodoma mjini. Mimi nilisindikiza familia toka London, bibi yao aliishi kambi ya Wapolandi pale Kondoa kipindi cha vita. Dereva ndo guide mwenyewe na stori anaijua kweli, akaanza na tarehe 10 Februari 1940 Stalin, mtawala wa Sovieti, alipoanza kuwasomba Wapolandi kwa mabehewa mpaka Siberia, watoto na wazee humohumo, 1941 wakaachiwa, wakapitia Iran, 1942 ndo wakaanza kuletwa Tanganyika, na Wapolandi wa ughaibuni kila tarehe 10 Februari mpaka leo wanakutana kuwaombea waliofia kule. Sisi tunaokaa huku wengi hatujui, inauma sana.

Barabara lami, poa. Tengeru, kambi yao nyingine kule Arusha, walikaa kama watu 5,000, makaburi yametunzwa vizuri, na guide aliwaacha wageni wawashe mishumaa taratibu hakuwaharakisha hata kidogo, hapo nilimheshimu. Ila AC ilikuwa mbovu na msosi wa njiani unajilipia, ulizieni mapema.